Askofu Colenso na Swali la Wake Wengi



Sasa unajua kusoma. Unaweza kusoma barua ya mwanao, bei ya sukari dukani na kadi ya kliniki. Unaweza pia kusoma vitabu vya dini wewe mwenyewe, bila kungoja mtu akusomee. Lakini kusoma maneno ni jambo moja. Kujua maneno hayo yanakutaka ufanye nini nyumbani mwako ni jambo jingine.

Fikiri juu ya jambo hili. Mtu mmoja ana wake watatu. Amewaoa wote kwa mila ya kwao. Mahari imelipwa na wazee wameshuhudia. Wake wote wamezaa. Siku moja mtu huyu anasikia mafundisho ya Kikristo, naye anataka kubatizwa. Mchungaji anamwambia kwamba Mkristo huwa na mke mmoja tu. Basi abaki na mmoja, awaache wawili. Je, awaache? Na hao wawili waende wapi?

Swali hili limeulizwa katika vijiji vingi vya Afrika. Huenda limeulizwa hata kijijini kwako. Hapa utasoma maisha ya mtu mmoja aliyelichukua swali hili kwa uzito, katika miaka ya 1850. Jina lake ni John William Colenso. Alikuwa askofu wa Kanisa la Kianglikana katika nchi ya Natal, ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini.

1. Kijana maskini mwenye akili ya hesabu

Colenso alizaliwa tarehe 24 Januari, 1814, katika mji wa St Austell. Mji huo uko katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Watu wa huko walichimba madini ya bati. Baba yake naye alitia fedha zake katika machimbo hayo, akapata hasara kubwa. Nyumba ikaingia katika umaskini.

Kijana Colenso alitaka sana kusoma. Kwanza alifanya kazi ya kumsaidia mwalimu shuleni, apate fedha kidogo. Kisha, mwaka 1832, aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa katika kundi la wanafunzi maskini waliopunguziwa gharama. Alijifunza hesabu kwa bidii nyingi. Katika mtihani wa mwisho, mwaka 1836, alikuwa mtu wa pili katika chuo chote.

Baadaye alifundisha hesabu katika shule kubwa ya Harrow. Huko alipata msiba. Nyumba yake iliungua moto, akabaki na deni kubwa. Lakini hakukata tamaa. Aliandika vitabu vya hesabu vya shule. Vitabu hivyo vilitumika katika shule nyingi za Uingereza, na fedha zake zikamsaidia kulipa deni.

Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji. Colenso alikuwa mtu wa hesabu. Mtu wa hesabu hapendi jibu ambalo halilingani na swali. Tabia hiyo hakuiacha mpaka kufa kwake.

Mwaka 1846 alimwoa Sarah Frances Bunyon. Mwaka huohuo akawa mchungaji wa kijiji cha Forncett, katika jimbo la Norfolk. Waliishi huko kwa miaka 7.

2. Safari ya kwenda Natal

Waingereza walikuwa wameitwaa Natal kuwa koloni lao mwaka 1843. Wazungu walikuwa wachache. Watu wengi wa Natal walikuwa Waafrika wasemao Kizulu. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Thukela, ulikuwako ufalme huru wa Wazulu chini ya mfalme Mpande.

Mwaka 1853 Kanisa lilimweka Colenso kuwa askofu wa kwanza wa Natal. Mwanzoni mwa mwaka 1854 alikwenda kuitazama nchi. Alizunguka kwa muda wa wiki 10 hivi, akionana na wakubwa wa serikali, wamisionari, machifu na watu wa vijijini. Kisha alirudi Uingereza kuwachukua watu wa nyumbani kwake.

Mwaka 1855 alirudi Natal pamoja na mkewe na watoto 4. Mtoto wa tano alizaliwa hukohuko Natal. Walijenga nyumba karibu na mji wa Pietermaritzburg. Mahali hapo paliitwa Ekukhanyeni, maana yake kwa Kizulu ni mahali penye nuru.

Colenso alianza kazi kwa kujifunza lugha. Alikaa na Waafrika, akawauliza maneno, akayaandika. Mwalimu na msaidizi wake mkubwa alikuwa Mwafrika aliyeitwa William Ngidi. Katika miaka michache Colenso aliandika kitabu cha sarufi ya Kizulu na kamusi ya Kizulu. Alitafsiri pia Agano Jipya.

Ekukhanyeni palikuwa na shule na mtambo wa kupiga chapa. Kijana mmoja, Magema Fuze, alifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Mwaka 1859 Colenso alikwenda kumtembelea mfalme Mpande, akifuatana na Ngidi, Fuze na kijana mwingine aliyeitwa Ndiyane. Waliporudi, kila mmoja wa hao watatu aliandika habari za safari kwa mkono wake mwenyewe. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 1860. Miaka mingi baadaye, mwaka 1922, Magema Fuze alitoa kitabu chake cha Kizulu juu ya asili ya watu weusi. Hayo ndiyo matunda ya kusoma na kuandika.

Watu walimpenda Colenso. Walimpa jina la Sobantu, maana yake baba wa watu.

3. Nyumba yenye wake wengi

Sasa tuingie katika swali letu.

Colenso alipokuwa akizunguka Natal aliona kwamba wanaume wengi wenye mali walikuwa na mke zaidi ya mmoja. Mwanamume alitoa ng'ombe kwa wazazi wa msichana. Wazulu huita mahari hiyo lobolo. Kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya boma la mumewe. Alikuwa na shamba lake la kulima na ghala lake la chakula. Alilisha watoto wake kwa jembe lake.

Ng'ombe wakishatolewa, watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Basi mke akiachwa, hakuondoka nao. Watoto walibaki katika boma la baba yao. Mama aliondoka na mikono mitupu.

Wamisionari wengi waliofika Natal kabla ya Colenso walikuwa na sheria moja. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka awaache wote isipokuwa mmoja. Walisema kwamba sheria hii imetoka katika Biblia.

Colenso aliitazama sheria hiyo kama alivyozoea kutazama hesabu. Kwanza aliangalia kama Biblia inasema hivyo kweli. Pili aliangalia sheria hiyo inamfanyia nini yule mwanamke anayeachwa.

4. Biblia inasema nini?

Wamisionari walikuwa na hoja nzito, nasi tuzisikilize kwanza.

Walisema kwamba mwanzoni Mungu alimpa Adamu mke mmoja, si wawili. Yesu alipoulizwa habari za ndoa, alikumbusha habari hiyo ya mwanzo. Alifundisha kwamba mume na mke wawili wanakuwa kitu kimoja. Unaweza kusoma habari hiyo katika Injili ya Mathayo, sura ya 19. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mwanamume awe na mke wake na kila mwanamke awe na mume wake.

Walisema pia kwamba Biblia haifichi matatizo ya mitala. Sara na Hajiri waligombana katika nyumba ya Ibrahimu. Lea na Raheli walioneana wivu katika nyumba ya Yakobo. Wake wengi wa mfalme Sulemani waliugeuza moyo wake. Tena waliona kwa macho yao wasichana wadogo wakiozwa kwa wazee wenye ng'ombe wengi. Waliogopa kwamba Kanisa likiwabatiza wenye mitala, watu watasema Kanisa limebariki mambo hayo.

Colenso hakuzidharau hoja hizi. Naye alisema kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja. Hakutaka Mkristo aliyekwisha kubatizwa aongeze mke mwingine. Alitumaini kwamba, kwa mafundisho, mitala itakwisha yenyewe katika kizazi kinachofuata.

Hapo walikuwa pamoja. Lakini waliachana njia katika jambo moja: wale wake ambao tayari wameolewa.

Colenso alisema kwamba Ibrahimu, Yakobo na Daudi walikuwa na wake wengi, na Biblia haisemi kwamba Mungu aliwaamuru kuwafukuza. Ukisoma habari za Daudi utaona kwamba nabii Nathani alimkemea kwa kumchukua mke wa Uria na kumuua Uria. Hakumkemea kwa sababu wake zake walikuwa wengi.

Alisema pia kwamba katika Agano Jipya lote hakuna mahali ambapo mtume alimwambia mtu anayeingia katika imani kwamba kwanza awafukuze wake zake. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba askofu awe mume wa mke mmoja. Colenso aliona kwamba sharti hilo lilikuwa la viongozi. Lilionyesha kwamba huenda waumini wengine hawakuwa hivyo.

Hoja yake kubwa ilikuwa juu ya talaka. Yesu alikataza waziwazi mwanamume kumwacha mkewe. Alifundisha kwamba anayemwacha mkewe ambaye hakuzini, anamtia yule mwanamke katika hatari ya uzinzi, maana ataolewa na mwingine. Basi, alisema Colenso, angalia sheria ya wamisionari inafanya nini. Mtu anakuja kwa Kristo, na amri ya kwanza anayopewa ni kutenda jambo ambalo Kristo mwenyewe amelikataza. Anaambiwa aingie mlangoni kwa kukanyaga amri.

Wengine walimjibu. Mmisionari mmoja wa Kimarekani aliandika kitabu kizima cha kumpinga. Wapinzani walisema kwamba ndoa ya pili au ya tatu si ndoa ya kweli mbele ya Mungu. Kwa hiyo kumwondoa mke wa pili si talaka. Ni kuacha dhambi tu, kama mwizi anavyoacha wizi.

Colenso hakukubali. Alisema kwamba ndoa za Waafrika ni ndoa za kweli. Ziliingiwa kwa nia safi na kwa sheria ya watu wao. Mke wa tatu ni mke. Si kitu kilichoibwa ambacho kinaweza kurudishwa.

Alitaja pia kwamba wamisionari wa madhehebu mbalimbali waliokutana Calcutta, huko India, walikuwa wamelijadili jambo hilohilo. Walikubali kuwabatiza wanaume wa namna hiyo pamoja na wake zao. Kwa hiyo fikra yake haikuwa jambo geni ulimwenguni.

5. Asiyekuwapo na lake halipo

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii inafaa hapa.

Waliobishana juu ya mitala walikuwa wanaume. Askofu alikuwa mwanamume. Wamisionari walioandika vitabu walikuwa wanaume. Aliyetaka kubatizwa, na kuambiwa achague, alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyekuwa karibu kufukuzwa hakuulizwa kitu. Hakuwapo, na lake halikuwapo.

Tumtazame mwanamke huyo. Hakufanya kosa. Alipoolewa hakujua sheria ya Kanisa, wala mumewe hakuijua. Amelima shamba miaka 10. Amezaa watoto wanne. Sasa anaambiwa arudi kwa baba yake. Labda baba yake amekwisha kufa. Ndugu zake wanaogopa kudaiwa ng'ombe. Watoto wake wanabaki nyuma. Na mume atabaki na mke yupi? Mke wa kwanza aliyezeeka naye? Au yule mdogo mwenye mtoto mgongoni? Yeyote atakayechaguliwa, mwingine ataumia.

Katika Biblia yenyewe tunasoma habari za mwanamke wa namna hii. Hajiri alitolewa nyumbani kwa Ibrahimu pamoja na mwanawe, akapewa mkate na kiriba cha maji tu. Maji yalipokwisha nyikani, alimweka mtoto chini ya kichaka, akaketi mbali ili asimwone akifa. Na pale pale Mungu alimsikia. Wamisionari walitaja ugomvi wa Sara na Hajiri ili kuonyesha ubaya wa mitala, nao walikuwa na haki. Lakini habari hiyohiyo inaonyesha ubaya wa kumfukuza mke.

Colenso hakuishi katika boma la Wazulu, wala hakuweza kuyajua yote ambayo wanawake wangesema. Huenda wengine wangefurahi kuondoka kwa mume mkali. Wengine wangetaka kubaki. Lakini yeye alimweka mwanamke huyo katikati ya mazungumzo, wakati wengine walimtazama mwanamume tu.

Alitoa maandiko juu ya jambo hili mwaka 1855. Mwaka 1862 alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury barua ndefu juu ya hilohilo, nayo ikapigwa chapa ili watu wote waisome.

6. Maswali ya William Ngidi

Mtu akianza kuuliza maswali ya kweli, hawezi kujua yatampeleka wapi.

Siku moja Colenso na Ngidi walikuwa wakitafsiri habari za gharika ya Nuhu. Ngidi alimwuliza kama kweli habari zote zile zilitokea hivyo. Je, wanyama wote wa dunia, wa nchi za joto na za baridi, waliingia katika safina moja? Na walipata wapi chakula?

Colenso angeweza kumnyamazisha. Lakini aliona kwamba si haki kumwambia Mwafrika kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini. Alichukua vitabu vya Musa akavisoma upya kwa hesabu zake. Alihesabu watu, hema, kondoo na siku za safari. Aliona kwamba hesabu nyingi hazilingani. Kuanzia mwaka 1862 alitoa vitabu vingi juu ya jambo hilo. Alisema kwamba mafundisho ya Mungu yamo katika Biblia, lakini si kila habari na kila hesabu iliyomo ilitokea vile ilivyoandikwa.

Uingereza ilitikisika. Maaskofu walikasirika. Watu walimcheka wakisema kwamba askofu alitumwa kuwageuza Wazulu, na Mzulu mmoja amemgeuza yeye.

Mwaka 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town, ambaye alikuwa mkuu wa maaskofu wa huko, alimshtaki mbele ya baraza la Kanisa. Mashtaka hayo yalihusu hasa vitabu vyake juu ya Biblia, si habari za wake wengi. Colenso alihukumiwa kuondolewa katika uaskofu. Yeye alikata rufani Uingereza. Mwaka 1865 baraza kuu la rufani lilisema kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumhukumu. Colenso akarudi Natal. Mwaka 1866 Gray alimtenga na Kanisa. Baadaye akawekwa askofu mwingine mjini Pietermaritzburg. Mji mmoja ukawa na maaskofu wawili wa Kianglikana, na Wakristo wakagawanyika.

7. Baba wa watu

Rafiki wengi walimwacha, lakini Waafrika hawakumwacha. Naye hakuwaacha.

Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimtaka chifu Langalibalele wa Wahlubi aandikishe bunduki za vijana wake. Vijana hao walikuwa wamezipata kwa kufanya kazi katika machimbo ya almasi. Chifu aliogopa kwenda kwa wakubwa, akakimbia na watu wake kuvuka milima. Mapigano yakatokea na askari wachache wakauawa. Serikali iliwapiga Wahlubi vibaya, ikawanyang'anya ng'ombe na ardhi. Chifu alihukumiwa kufungwa maisha, akapelekwa kisiwa cha Robben.

Colenso aliichunguza kesi hiyo, akaona haikuendeshwa kwa haki. Mkubwa wa serikali aliyeshughulikia mambo ya Waafrika, Theophilus Shepstone, alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Urafiki huo ulivunjika. Mwaka 1874 Colenso alisafiri mpaka London kumtetea chifu. Gavana wa Natal aliondolewa kazini, na Langalibalele akatolewa kisiwani, ingawa hakuruhusiwa kurudi kwao mpaka mwaka 1887.

Mwezi wa Januari 1879 majeshi ya Uingereza yaliivamia nchi ya Wazulu. Tarehe 22 Januari, Wazulu waliwashinda Waingereza vibaya sana mahali paitwapo Isandlwana. Wazungu wa Natal walilia na kutaka kisasi. Mwezi wa Machi Colenso alisimama kanisani akahubiri juu ya mafundisho ya nabii Mika, kwamba Mungu anataka haki, rehema na unyenyekevu. Aliwaambia Waingereza waziwazi kwamba vita vile havikuwa vya haki. Wengi walimchukia kwa hayo. Wazulu waliposhindwa na mfalme wao Cetshwayo akafungwa Cape Town, Colenso alikwenda kumwona, akaendelea kumtetea.

Unaona, ndugu msomaji, kwamba moyo ni ule ule. Alipoletewa sheria juu ya ndoa, aliuliza nani ataumia. Alipoletewa sheria juu ya bunduki na vita, aliuliza vilevile.

8. Baada ya kufa kwake

Colenso alifariki tarehe 20 Juni, 1883, huko Natal. Alikuwa na umri wa miaka 69. Alizikwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Pietermaritzburg. Mwaka uliofuata nyumba yake ya Ekukhanyeni iliungua moto. Lakini binti yake Harriette aliendelea kuwatetea Wazulu kwa miaka mingi.

Na swali la wake wengi je? Halikuzikwa pamoja naye.

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana London, katika mkutano uitwao Lambeth. Waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Afundishwe tu, mpaka atakapoweza kuishika sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali nyingine, kama Kanisa la mahali pale likiona vema.

Uamuzi huu ulifika mpaka kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa Waanglikana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa chini ya Kanisa hilohilo. Wako wanaume waliosimama nje ya mlango wa kanisa miaka mingi, wakabatizwa uzeeni tu. Wako waliowaacha wake zao. Na Waafrika wengine walianzisha makanisa yao wenyewe, na baadhi ya makanisa hayo yaliwapokea wenye mitala.

Miaka 100 ilipita. Mwaka 1988 mkutano wa Lambeth ulikutana tena, na safari hii miongoni mwa maaskofu walikuwamo Waafrika wengi. Mkutano ulisema kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Lakini ulikubali kwamba mwenye wake wengi anayeamini aweze kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini. Yalikuwapo masharti. Aahidi kwamba hataoa mwingine maadamu wake zake hao wako hai. Waumini wa mahali pale wakubali. Na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke huyo.

Sharti hilo la mwisho ndilo swali la Colenso la mwaka 1855. Alipolitoa, wengi walimkataa. Ilichukua miaka 133 Kanisa lake kulikubali.

Makanisa mengine hayakubali mpaka leo, nayo yana sababu zake katika Maandiko hayohayo. Hatukuandika hapa ili kukuambia ufuate dini gani au uoe namna gani. Sheria ya nchi, dini yako na wazee wako watakushauri. Jambo moja tunakuomba ulishike. Mtu akikusomea amri inayohusu nyumba za watu, msikilize kwa heshima. Kisha fungua kitabu mwenyewe, usome ukurasa ule na ukurasa unaofuata. Halafu umtafute yule ambaye hakuitwa kwenye baraza, umwulize amri hiyo itamfikisha wapi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wamisionari walimtaka mwenye wake wengi abaki na mmoja? Taja sababu mbili.

2. Colenso na wamisionari walikubaliana katika jambo gani? Walitofautiana katika jambo gani?

3. Kwa desturi ya Wazulu, mke aliyeachwa alipoteza nini? Je, kwenu ilikuwaje zamani? Na sasa je?

4. Katika darasa lenu, wanawake waseme kwanza: je, Colenso alisema kweli? Kisha wanaume wajibu.

5. Hesabu: Colenso aliandika juu ya mitala mwaka 1855. Mkutano wa Lambeth ulikubali kuwabatiza wenye mitala mwaka 1988. Ni miaka mingapi?